Msikatae maji ya mgongo, na kapsuli za kemisti msizifiche

Wewe uliyeuliza kuhusu kakako wa Likoni, kichwa siku ya tatu, homa, mwanga unamuumiza macho, hospitali wanashuku homa ya uti wa mgongo, wanataka kumtoa maji ya mgongo kwa sindano wayapime, na mamako hataki eti atapooza. Ukauliza tena kama inaambukiza na kama wiki ijayo atarudi kazini. Hayo mengine weka kando. Asitoke hapo bila kutolewa hayo maji, na zile kapsuli mlizonunua kwa kemisti mwambieni daktari saa hii, ni gani na kameza lini.

Mume wangu alianza hivohivo. Amelala madirisha yamefungwa, kajifunika leso yangu usoni, nikimwambia ainamishe kidevu kifuani hawezi, shingo imekaza mpaka ananyanyua mabega mazima. Yule wa kemisti akatuuzia dawa ya malaria bila kupima, akaongeza antibayotiki juu yake, eti zitasafisha kila kitu. Kusafisha nini na hajui anasafisha nini! Tukafika hospitali, mjomba wake akaja wodini kusema anamjua mtu alidungwa mgongoni akapooza. Nani? Hajui jina. Wapi? Hajui. Na familia nzima ikamfuata, hakuna aliyesaini.

Maji yalikuja kutolewa kashazidiwa, na kapsuli zishamuingia mwilini. Yakatoka maangavu kama ya bomba, seli zimeongezeka na nyingi ni limfosaiti, aina ya seli nyeupe za damu, sukari iko sawa, protini imepanda kidogo, na hiyo ndiyo sura ya virusi. Ya bakteria kwa kawaida huwa na ukungu, sukari imeshuka, protini juu sana. Lakini daktari akasema hawezi kuapa, kwa sababu antibayotiki za nusunusu zinaweza kufanya bakteria wasiote maabara na picha nzima ikavurugika. Basi akapigwa sindano za mshipani kozi nzima, kwa ugonjwa ambao pengine hakuwa nao, na bili inapanda kila kukicha. Wallahi yule wa kemisti sijamsamehe.

Na hii habari ya kupooza: kwa mtu mzima uti wa mgongo wenyewe huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, sindano inaingia chini zaidi, kati ya ya tatu na ya nne au ya nne na ya tano. Linalowapata wengi ni kichwa kuuma ukikaa, ukilala kinapoa. Wakitaka kumpiga CT, ile picha ya ndani ya kichwa, kwanza, labda kwa sababu amepata degedege au upande mmoja umelegea, waacheni. Na wakianza antibayotiki wenyewe kabla ya maji kutoka msibishane nao, bakteria hawangoji majibu.

Kwa macho hakuna anayejua ni ipi. Virusi, bakteria, TB, kuvu ya kriptokoka, zote zaweza kuja na kichwa, homa na shingo. Ya virusi, ambayo mara nyingi huletwa na vile viitwavyo virusi vya entero, wengi hupona wenyewe kwa siku 7 hadi 10 bila antibayotiki, lakini utajuaje ni hiyo bila kupima? Ndio maana wanaweza kupima maji kwa PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya virusi. Kipimo cha HIV pia akubali, kwa sababu virusi hivyo vikiwa vipya mwilini vinaweza kuleta hali hii hii, na kuvu ile huwashika sana walio na kinga dhaifu. Malaria ikionekana kwenye damu haimaanishi hana homa ya uti wa mgongo. Na akianza kuongea mambo yasiyoeleweka au kuwasahau watu, mwiteni daktari mbio, huenda ubongo wenyewe umeshikwa, na kama ni virusi vya herpesi anahitaji asikloviri, dawa ya virusi hivyo, haraka.

Mamako akikataa tena, muombeni daktari akae naye chini amweleze, mjomba yeyote asiwepo. Na hizo kapsuli, kashameza ngapi?