Injini katikati: raha iko kwenye gari la zamani au la kisasa?

SWALI: Fundi, shikamoo. Niko Mwanga, Kigoma. Naendesha Altezza ya gia za mkono, na siku hizi nimeyapenda magari ya michezo yenye injini katikati, nyuma ya viti. Kaka yangu aliyeko Tabora anashikilia kwamba ya zamani ndiyo yenye raha ya kuendesha, haya ya sasa ni kompyuta yenye magurudumu. Mimi naona gari jipya linakimbia zaidi, linashika barabara zaidi na linasimama haraka zaidi, sasa raha yake itapunguaje? Tuamue. Halafu nikiagiza gari dogo la namna hiyo la Toyota, MR2 au MR-S, kutoka Japani, litaweza barabara zetu?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kaka yako yuko karibu na ukweli kuliko wewe, ila sababu anayoitoa siyo yenyewe. Kompyuta inasingiziwa mengi. Kilichopunguza raha zaidi ni uzito, pamoja na kasi ambayo lazima uifikie kabla gari halijaanza kukuambia chochote.

Tuanze na mpangilio. Gari ni la injini katikati kama injini imekaa kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ukiishia hapo bila masharti mengine, hata Noah za SR40 zina haki ya kudai undugu, maana injini yake iko chini ya viti vya mbele na inasukuma magurudumu ya nyuma. (Usiwaambie wenye Noah za abiria, watapandisha nauli.) Kwenye magari ya michezo tunachomaanisha ni injini iliyo nyuma ya mgongo wa dereva na mbele ya ekseli ya nyuma.

Faida yake kubwa ni kugeuka. Chukua mzega wenye dumu la maji huku na huku, kisha geuka ghafla: wewe umeshageuka, madumu bado yanaendelea na safari yao, na yakishaanza kuzunguka hayataki kusimama. Yavute yote mawili hadi kifuani. Uzito ni uleule, lakini sasa unageuka utakavyo. Injini ikikaa katikati, kitu kizito kuliko vyote kinakuwa karibu na kitovu cha gari, hivyo pua inaitikia usukani mara moja. Faida ya pili ni kwamba magurudumu ya nyuma yanapata uzito wa kutosha wa kuyabana chini unapokanyaga mafuta ukitoka kwenye kona. Ya tatu ni ya mbele: kwa kuwa ekseli ya mbele haikubebeshwa injini, usukani unaweza kuwa mwepesi hata bila pawa stelingi.

Hiyo ya tatu ndiyo kiini cha ubishi wenu, nitairudia.

Kwanza hatari. Gari linaloanza kugeuka haraka ndilo hilohilo linalozunguka haraka likikosea. Umeingia kona kwa kasi, ukaogopa, ukaachia mafuta ghafla. Uzito unahamia mbele, tairi za nyuma zinapungukiwa mshiko, na injini iliyo nyuma yako inataka kuendelea moja kwa moja. Nyuma linakatika. Kwenye Altezza yako yenye injini mbele ungepata muda wa kurudisha usukani, kwa sababu linakatika polepole. Kwenye injini katikati muda huo ni mfupi sana. MR2 ya pili, ile SW20 iliyotoka mwaka 1989, ilipata sifa mbaya kwa jambo hili, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Toyota wakaibadilisha sasipensheni na tairi ili iwe na huruma kidogo.

Sasa tuyatazame ya zamani yenyewe, maana kaka yako anayasema kana kwamba yote yalikuwa malaika. Lamborghini Miura ya mwaka 1966, gari lililowafanya watengenezaji wengi watamani mpangilio huu, lilikuwa na V12 (injini ya silinda kumi na mbili) ya lita 3.9 iliyolazwa kwa upana nyuma ya viti. Uzuri wake hauna mjadala. Lakini tangi la mafuta lilikuwa mbele, kwa hiyo kadiri mafuta yalivyopungua ndivyo pua ilivyokuwa nyepesi, na kwenye mwendo mkubwa ikawa inataka kunyanyuka. Yaani gari ulilotoka nalo nyumbani asubuhi silo unalorudi nalo jioni. Mtu akikuambia hiyo ni raha, muulize kama aliwahi kulilipia bima.

Wajapani ndio waliolisafisha wazo hili likaweza kutumiwa na mtu wa kawaida. MR2 ya kwanza, AW11, ilitoka mwaka 1984 na injini ya 4A-GE ya lita 1.6, uzito wake ukiwa kama tani moja. Kisha mwaka 1990 Honda wakatoa NSX: V6 ya lita 3.0, bodi yote ya alumini, na kioo cha mbele kipana ajabu kwa sababu wasanifu walitazama chumba cha rubani wa ndege ya kivita F-16. Ayrton Senna, bingwa wa mbio za Formula 1, aliliendesha wakati wa majaribio kwenye uwanja wa mbio wa Suzuka, akalalamika kwamba fremu inalegea, wakaiongezea ukakamavu. NSX za mwanzo za gia za mkono hazikuwa na pawa stelingi kabisa.

Hapo ndipo penye ile faida ya tatu. Usukani usiosaidiwa umeunganishwa na tairi kwa vyuma tu. Tairi ya mbele ikikanyaga changarawe iliyomwagika kwenye lami, unaijua viganjani kabla hujaiona. Mshiko ukianza kupungua, usukani unakuwa mwepesi mkononi, na hiyo ndiyo taarifa ya kukufanya upunguze kasi. Ukaja usukani wa kusukumwa na mafuta, ukapunguza taarifa hizo kidogo. Sasa tuna usukani wa mota ya umeme, ambao unaokoa mafuta na unaruhusu gari kujishikilia lenyewe kwenye mstari, lakini unachuja mitikisiko midogo ambayo mtu wa kuendesha anaitafuta. Kuna ya umeme iliyo mizuri, Porsche wameifanyia kazi sana. Hata hivyo mkono uliozoea ule wa zamani unajua kuna kitu kimebaki njiani.

Pedali ya mafuta nayo hivyohivyo. Zamani ilikuwa waya wa chuma kutoka mguuni hadi kwenye injini. Leo mguu wako unapeleka ombi kwenye kompyuta, na kompyuta inaamua itoe kiasi gani na lini. Injini nyingi sasa zina turbo, kwa hiyo nguvu inakuja kubwa na mapema, lakini sauti inazibwa na turbo yenyewe na vichujio vya moshi, mpaka baadhi ya watengenezaji wanaongeza mlio kwa kupitia spika za ndani. Spika! Kwenye AW11 injini inavuta hewa karibu na sikio lako, na ikipita mizunguko 6,000 huhitaji redio.

Upande wako sasa, maana nawe una hoja. Gari la kisasa la injini katikati ni kazi ya kihandisi inayostahili kuvuliwa kofia. Corvette ya Wamarekani iliwekwa injini mbele tangu mwaka 1953, na ilipohamishiwa katikati kwenye toleo la 2020 ikawa inafika kilomita 100 kwa saa kwa takribani sekunde 3, ikiwa na V8 ya lita 6.2 na gia za klachi mbili zinazobadilika kabla hujafikiria. Ukiachia mafuta katikati ya kona, sensa zinaona gari linazunguka kuliko usukani ulivyoagiza, breki ya tairi moja inashikwa peke yake, na unaendelea na safari bila kujua kwamba ulikuwa unaelekea mtaroni. Kwa usalama hakuna mjadala: jipya linashinda, na kwa mbali. Raha ya zamani imewaua watu.

Lakini tazama bei iliyolipwa. NSX ya pili, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2016, ina V6 ya turbo mbili na mota tatu za umeme. Ina nguvu farasi zaidi ya 570. Uzito wake unapita kilo 1,700, wakati ile ya mwaka 1990 ilikuwa chini ya 1,400. Tairi zake pana na ekseli ya mbele inayosukumwa na umeme zinaufuta uzito huo kwenye saa ya kupimia mwendo. Mwilini mwa dereva haufutiki. Na kwa kuwa mshiko wa gari hilo ni mkubwa mno, utalisikia linaanza kufanya kazi ukiwa umeshapita mwendo ambao barabara ya umma inaruhusu. Toka Tabora kuelekea Urambo nalo: kila penye makazi kuna kibao cha 50, matuta, baiskeli zenye magunia ya mkaa, na wanafunzi. Mwendo huo gari la nguvu farasi 570 limelala usingizi. AW11, inayohitaji kama sekunde 8 na kitu kufika 100, mwendo huohuo tayari imekupa gia mbili za kuchezea, usukani unaongea, na bado hujavunja sheria. Ndiyo maana nasema kaka yako yuko karibu na ukweli.

Wanaotengeneza wanalijua hili. Gordon Murray, aliyesanifu McLaren F1, gari la barabarani la miaka ya 1990, bila ABS (mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki) wala pawa stelingi, alirudi mwaka 2020 na T.50: V12 ya kuvuta hewa yenyewe, gia sita za mkono, uzito chini ya tani moja. Matajiri wakaigombania. Alpine A110 ya mwaka 2017 nayo inazunguka kwenye kilo 1,100 hivi, na ingawa ina kompyuta na gia za klachi mbili, sijasikia dereva anayejua kazi akiilalamikia. Kwa hiyo mwambie kaka kwamba mwaka wa kutengenezwa si kipimo. Lotus Elise ya 1996 ilikuwa na kilo 725 hivi na usukani mtupu. Kwangu mimi hapo ndipo penye raha kuliko Miura na kuliko NSX mpya.

Tuje kwenye mfuko wako. Kati ya MR2 na MR-S, chagua MR-S, ile iliyotengenezwa 1999 hadi 2007. Kwanza ina karibu tani moja tu. Pili, injini yake ni 1ZZ-FE ya lita 1.8, hiyohiyo iliyomo kwenye Allion, Premio na Wish zilizojaa mtaani kwako, kwa hiyo plagi, pampu ya maji na gasketi hutaagiza ng'ambo. SW20 nzuri imekuwa ghali, na 3S-GE yake, hata kama ni ndugu wa 3S ya Noah, kichwa chake ni kingine kabisa. Chukua gia za mkono. Epuka zile za SMT zisizo na pedali ya klachi, maana mfumo wake wa kusukuma gia kwa mafuta ukiharibika utaliegesha gari miezi. Muuzaji akupe picha ya moshi likiwashwa baridi: 1ZZ za miaka ya mwanzo zilikuwa na tabia ya kula oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Na hesabu ushuru wa uchakavu wa TRA kabla hujashangilia bei ya Japani.

Barabara zetu litaziweza mradi ubaki kwenye lami. Mlima wa kutoka mjini kwenda Kidahwe, na lami ya kuendelea hadi Kasulu, ni mahali pake. Barabara za vumbi achana nazo. Tumbo liko chini, na tundu la hewa liko ubavuni, nyuma ya mlango, palepale panapotupwa vumbi la tairi ya mbele, kwa hiyo kichujio cha hewa kikague mapema kuliko ulivyozoea.

Jambo moja mwambie fundi wako kwa mkazo. Rejeta iko mbele, injini iko nyuma, na maji yanasafiri kwenye mabomba marefu yanayopita chini ya sakafu. Ukibadilisha maji ya rejeta kama unavyofanya kwenye Altezza, hewa inabaki ndani ya mabomba hayo. Geji itakaa sawa dakika kumi za kwanza, halafu gari linachemsha ghafla na gasketi ya silinda hedi inaungua. Ziko nati za kutolea hewa. Zifunguliwe zote, hita ya ndani iwekwe kwenye joto la mwisho, maji yajazwe polepole mpaka yatoke bila mapovu, ndipo zifungwe. Fundi akisema haina haja, peleka gari kwingine.

Na asikuzungushie tairi za mbele kwenda nyuma. Za mbele ni 185, za nyuma ni 205 au 215 kutegemea toleo, na upana huo wa nyuma ndio unaolizuia lisikatike ukiachia mafuta kwenye kona.