Takayama ni Oktoba mwishoni jamani

Wiki hii mmeuliza, mtu akipata nafasi ya kwenda mji wa milimani Japani, aende msimu gani. Mimi naishi Nagoya, na mji ninaouchagua ni Takayama, mkoa wa Gifu, treni kutoka Nagoya inakufikisha kwa kama masaa mawili na nusu hivi inafuata mto bondeni huku milima imebana kushoto kulia. Jibu langu ni Oktoba mwishoni, na najua wengi mtasema Aprili kwa hiyo nianze na hiyo hiyo Aprili.

Tarehe 14 na 15 Aprili kuna tamasha, yale magari ya mbao marefu yenye nakshi na dhahabu yanatolewa mitaani, 12 kwa jumla, na kwa kuwa huku juu sakura, yaani maua ya micheri, inachelewa kuliko Tokyo, mwaka mwingine maua na tamasha vinakutana. Ni pazuri kwa kweli, siwezi kubisha. Ila vyumba vinaisha miezi kabla, bei inapaa, na mvua ikinyesha magari hayatolewi nje kwa sababu nakshi zile haziruhusiwi kulowa, yaani umetoka Dar au Mombasa mpaka huko halafu unaishia kuyachungulia yakiwa ndani ya ghala lake. Tamasha la pili la tarehe 9 na 10 Oktoba ni hivyo hivyo.

Sasa subiri wiki mbili zipite baada ya hilo tamasha. Majani huku hayageuki rangi siku moja, yanaanzia juu mlimani yanashuka taratibu. Kule mlimani Norikura, mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, yanaanza tangu Septemba mwishoni, bonde la Kamikochi lenye mita 1,500 linafuata katikati ya Oktoba, mjini Takayama kwenyewe ambako ni mita 570 na kitu ni Oktoba inaisha Novemba inaingia. Kwa hiyo ukifika kipindi hicho ukakaa siku kadhaa, unapata misimu yote kwa mpigo: asubuhi unapanda kebo ya Shinhotaka, ile ya kupandia mlimani yenye kibanda cha ghorofa mbili kinachoning'inia kwenye waya, kule juu mita 2,156 miti iko mitupu na vilele vya milima ya Hotaka pengine vimeshapata theluji, unaposhuka unaanza kupita kwenye manjano, ukirudi mjini jioni unakuta momiji, ile miti ya mepo ya Kijapani, imewaka nyekundu mbele ya mahekalu. Hicho kitu Aprili hukipati, Agosti ndo usahau kabisa.

Na asubuhi za mjini! Soko la Miyagawa liko kando ya mto, saa moja asubuhi kina bibi wameshapanga meza, matufaha ni ya msimu, na achari za turnipu nyekundu. Kuna bibi alinimenyea tufaha palepale akanipa kipande kwenye ncha ya kisu, baridi mpaka vidole vimekufa ganzi ila utamu wa lile tufaha sijaupata supamaketi yoyote Nagoya. Ukitoka hapo nunua dango, vidonge vya unga wa mchele vimechomwa kwenye kijiti, huku wanapaka soya tu bila sukari, na mishikaki ya ng'ombe wa Hida, yaani wa eneo hili la Takayama, ni ghali lakini kula hata mmoja. Beba koti la maana, kabla jua halijatoka inashuka nyuzi 5 na chini ya hapo.

Juni na nusu ya kwanza ya Julai ni mvua tu. Agosti katikati Wajapani wenyewe wako likizo ya Obon, foleni kila mahali.

Kwa wenye watoto wanaopata likizo ndefu Desemba tu, nawaelewa, nendeni ila mbadilishe ratiba. Kamikochi inafungwa katikati ya Novemba mpaka Aprili, msiipangie. Badala yake pandeni basi kwenda Shirakawa-go, dakika 50 kutoka Takayama, kijiji cha nyumba zilizoezekwa nyasi zenye paa refu la mteremko mkali ili theluji isilemee, UNESCO walikiingiza kijiji hicho kwenye urithi wa dunia 1995. Theluji nzito hasa ni Januari na Februari, Desemba mwishoni mara nyingi imeshaanza. Buti zenye soli ya kushika ni lazima, viatu vya raba vya Kariakoo hapo mtaanguka, na tiketi za basi za kwenda na kurudi mzikate mapema.