Kabla hujaonyesha Amour Lubumbashi: mlango, grupu na swali la kwanza

Filamu ya Amour ya Michael Haneke ilipata Palme d'Or huko Cannes mwaka 2012, na mwaka uliofuata ikachukua Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni pamoja na César 5. Yaandike hayo kwenye tangazo ukitaka, ila usitegemee yakusaidie ukumbini. Mtu aliyekaa dakika 127 kwenye kiti cha plastiki komini ya Katuba au Kamalondo, anamtazama mama mzee akipooza, akipotewa na maneno, akivalishwa nepi, hana habari na medali za Cannes. Atalia, au atatoka nje, au atacheka, au atasinzia, au atakasirika. Yote matano yatatokea chumba kimoja, saa ileile, na kila moja lina sababu yake.

Kisa chenyewe ni kifupi. Georges na Anne ni walimu wa muziki waliostaafu, wamepita miaka 80, wanaishi wawili tu kwenye apatimenti yao Paris. Asubuhi moja Anne anaganda mezani. Anapasuliwa mshipa wa shingo ulioziba, upasuaji unakwenda vibaya, upande wa kulia unapooza. Anamtaka mume wake aahidi kwamba hatamrudisha hospitalini tena. Kuanzia hapo ni kushuka: kiti cha magurudumu, kitanda, maneno yanapungua mpaka linabaki "mal", yaani inauma. Karibu na mwisho Georges anamziba pumzi kwa mto.

Ndiyo, tumeshasema mwisho, na wewe useme kabla ya kuzima taa. Wapenzi wa sinema watanung'unika kwamba umewaharibia. Waache wanung'unike. Filamu yenyewe inafunguka kwa wazimamoto wakivunja mlango na kumkuta Anne amekufa kitandani, amezungukwa na maua. Kifo Haneke hakukificha. Kilichofichwa ni ule mto, na mto ndio unaompiga mtu aliyetoka kwenye kilio cha mama yake juzi. Maneno ya kusema yatoshe hivi: "Kuna ugonjwa mrefu, kuna kofi moja, na karibu na mwisho mume anamuua mke wake kwa mto. Mlango uko wazi. Ukitoka hakuna atakayekuuliza." Yaseme kwa Kiswahili hata kama ukumbi mzima unasikia Kifaransa. Kifaransa tumezoea kukisikiliza kama tangazo la ofisini, kinapita.

Kisha uheshimu ulichosema. Mlango wa nyuma usifungwe wala usiwe wa kulia kama mbuzi. Nje ya mlango weka viti 2, chupa za maji, na mama mmoja au papa mmoja mwenye utulivu, asiyeshika simu. Kazi yake ni kukaa. Anayetoka asifuatwe na mtu wa kumuuliza kuna nini. Akitaka kurudi ndani, anarudi, wengi hurudi. Kosa la kawaida ni kumweka pale kijana wa mapokezi mwenye daftari la majina, naye anamsimamisha mtu anayelia ili asaini.

Sasa umeme, kwa sababu hapo ndipo maonyesho mengi ya filamu hii yanapokufa bila mwenyeji kujua. Amour haina muziki wa kusindikiza. Piano inasikika pale tu mtu anapopiga au anapofungua sidii. Kilichobaki ni sauti za nyumba: viatu kwenye sakafu ya mbao, mlango, sahani, pumzi. Chukua ile asubuhi ya kwanza jikoni. Anne ameganda, macho wazi, haitikii. Georges anafungua bomba, analowesha kitambaa, anampangusa uso na shingo, hakuna jibu. Anaenda chumbani kuvaa ili akatafute msaada, na bomba ameliacha wazi. Sisi tuko naye chumbani, tunasikia maji yanamwagika kule. Halafu maji yananyamaza. Ni hivyo tu. Anne ameamka na kulifunga, na hakumbuki kitu. Dakika chache baadaye anamimina chai nje ya kikombe. Kama grupu, yaani jenereta, linanguruma dirishani, nusu ya ukumbi haikusikia maji yakikatika, na nusu hiyo itauliza baadaye kwa nini mzee amerudi mbio.

Kwa hiyo grupu liwe mbali, mita 30 na nyuma ya ukuta, au usilitumie kabisa. Hesabu ya betri ni rahisi. Projekta ya wati 300, spika mbili za jumla ya wati 100 na kompyuta ya wati 60 ni wati 460. Kwa saa mbili na dakika 7 unahitaji karibu wati-saa 970. Betri 2 za 12 V, 100 Ah kila moja, zikifungwa sambamba zina wati-saa 2,400, lakini betri za risasi usizimalize zaidi ya nusu, na inverta nayo inakula sehemu yake. Unabaki na kama 1,050. Inatosha kwa filamu, haitoshi kwa filamu na feni na chaji za simu za wageni. Zichaji tangu usiku uliotangulia. Ukingoja asubuhi, delestaji, yaani mgao wa umeme, itakuwahi.

Mvua pia. Kati ya Novemba na Machi mvua ya Lubumbashi ikianguka kwenye bati, filamu hii haisikiki, hata uongeze sauti namna gani. Mei mpaka Agosti ni afadhali, ila waambie watu waje na majaketi, kwa kuwa baridi ya Juni na Julai kwenye ukumbi wa saruji si mchezo. Anza saa 8 mchana. Filamu inaisha saa 10 na dakika kadhaa, mazungumzo ya saa moja, na watu wa komini za Ruashi na Kenya, hapahapa mjini, wanapata usafiri kabla giza halijaingia. Wazee wape viti vyenye mgongo, karibu na njia ya choo. Wengi wanameza dawa za presha zinazowapeleka haja ndogo mara kwa mara, na asiyeweza kutoka kwa heshima hatakuja tena.

Fundi wa sauti naye aambiwe mapema: majina ya mwisho yanapita kimya kabisa. Asipojua, atafikiri waya umechomoka, atagusa hapa na pale, na mlio utapasua masikio ya watu wanaofuta machozi. Tumeona pia wanaowasha taa na muziki wa kanisa papo hapo. Majina yaishe, taa ya pembeni moja iwake, dakika 3 bila mtu kushika maikrofoni.

Na mtafsiri wa moja kwa moja? Hapana. Ile kazi ya kutafsiri juu ya picha inafaa filamu za mapigano. Hapa itaziba kile hasa watu walichokuja kusikia. Ni bora dakika 5 za kusimulia kwa Kiswahili mwanzoni, pamoja na maandishi ya Kifaransa chini ya picha kwa wenye masikio mazito. Na kama unatumia DVD ya dukani, ujue ni ya kutazamia nyumbani. Ruhusa ya kuonyesha hadharani inaombwa kwa mwenye haki za filamu, hata kama kiingilio ni bure.

Tuje kwa watu. Vijana ndio watakaosema "haina kintu ile film", na kwa kiasi wana haki: kamera inakaa, watu wanakaa, muda unakaa. Wape kazi. Kabla ya kuanza, waombe wahesabu kila anayeingia mlangoni mwa ile apatimenti: nani, mara ngapi, amekaa au amesimama tu. Watawapata mlinzi wa jengo na mke wake wanaosaidia manunuzi, binti yao Eva, mkwe, mpiga piano aliyekuwa mwanafunzi wa Anne, wauguzi wawili, na njiwa mara mbili. Kijana mwenye kuhesabu hasinzii. Hesabu hiyo utaihitaji baadaye.

Kicheko kitatokea, mara nyingi Anne anapozunguka na kiti chake cha umeme, na tena anapotema maji na Georges kumpiga kofi. Kile cha kwanza ni furaha, Anne mwenyewe anafurahi. Cha pili ni mshtuko. Usimkemee anayecheka. Hata kwenye kilio wajukuu hutania na watu hucheka karibu na maiti, na hakuna anayewaambia hawana huzuni. Ukimwaibisha mmoja, ukumbi mzima utakaza uso, na mazungumzo yatakuwa ya adabu tu.

Wauguzi hutazama mikono. Wataona jinsi Georges anavyomkumbatia Anne na kumhamisha kutoka kiti hadi kiti kwa hatua ndogo, watasema mgongo wake utavunjika. Watamwona muuguzi wa pili anavyomchana nywele kwa nguvu na kumlazimisha ajitazame kwenye kioo, watasonya. Hao ni hazina. Mmoja wao apewe dakika 10 baada ya mjadala, kwa sababu kila mara kuna atakayeuliza kuhusu AVC, yaani kiharusi: uso kupinda upande mmoja, mkono kulegea, ulimi kukwama. Aseme wazi kwamba shambulio linalopita lenyewe, kama lile la Anne jikoni, si la kushukuru Mungu na kuendelea kunywa chai. Ni onyo, hospitali siku hiyohiyo, na mkumbuke lilianza saa ngapi.

Sasa mjadala. Ukifungua na mto, utafunga na mto. Mchungaji atasimama, atasema amri ya sita, usiue, mwingine atasema ilikuwa huruma, na saa nzima imekwisha. Wote wawili wana la kusema, lakini wape zamu yao mwishoni. Na atakayedai kwamba "kule kwao wameruhusu" umsahihishe kwa upole: Ubelgiji iliruhusu daktari kumsaidia mgonjwa kufa tangu mwaka 2002, kwa masharti, lakini filamu iko Ufaransa, na Ufaransa ya 2012 iliruhusu kusimamisha matibabu, si kuua. Mume mwenye mto hayumo katika sheria ya nchi yoyote kati ya hizo, wala ya kwetu.

Usiulize pia "mumependa?" Anayelia hajui kama amependa. Uliza kitu kilichoonekana: maji ya bomba yalisimama lini? Kisha waite wahesabuji. Hapo ndipo swali la Lubumbashi linapotoka lenyewe, karibu kila mara kutoka safu ya mama: "Sasa batu yabo beko wapi?", yaani watu wao wako wapi? Shangazi wako wapi, majirani, watu wa kanisa, wale wanaolala kwenye mkeka chini ya kitanda cha mgonjwa? Kwetu upweke ule unashtua kuliko mto. Na ni rahisi sana mjadala ukaishia hapo, kila mtu akaenda nyumbani ameridhika kwamba Wazungu hawana watu.

Usiwaachie. Rudisha ile hesabu. Watu walikuja, hakuna aliyekaa. Eva analia, anataka mama apelekwe mahali pengine, kisha anaondoka. Uliza: mgonjwa wa kupooza hapa kwetu, mwezi wa kwanza chumba kinajaa, mwezi wa nane anamgeuza nani kila baada ya saa 2 ili ngozi isioze? Mtoto aliye Kolwezi anatuma pesa kwa simu, anapiga Jumapili, anatoa ushauri. Ukumbi utanyamaza kidogo. Kimya hicho kisijazwe na msimamizi. Mara nyingi atakayekivunja ni binti wa mwisho wa nyumba fulani, asiyeolewa, ambaye hadi sasa alikuwa anatazama viatu vyake. Mwite "yaya", yaani dada mkubwa, au "mama" kama umri unavyotaka, usimbane aseme ni nani aliyemuuguza.

Kuna pia wenye hasira: tuna mateso yetu, kwa nini umetuletea ya watu wa Paris? Usiwabishie wala usiwatajie Oscar. Filamu hii ni baridi kwa makusudi, na mtu ana haki ya kukataa baridi. Mwulize tu alianza kukasirika wapi. Jibu lake litakuwa la maana kuliko sifa za waliosema ni nzuri. Kuhusu njiwa, kila mtu atakuja na tafsiri yake, mwingine ataingiza uchawi. Waache. Haneke mwenyewe hapendi kueleza ishara za filamu zake, na wewe usijifanye unajua.

Jambo dogo ambalo mwenyeji asilisahau: Georges anamwimbisha Anne "Sur le pont d'Avignon", neno kwa neno, ulimi unakataa. Wimbo huo wengi waliusoma shuleni, na safu za nyuma huanza kuimba chini chini, wakimsaidia. Usiwanyamazishe.

Wale waliouguza nyumbani miaka mingi hawasemi kwenye maikrofoni. Wanasema baadaye, wakitafuta mfuko uliokwisha kupatikana, wakiuliza njia wanayoijua. Wanahitaji kama dakika 20 na mahali pa kusimama. Kwa hiyo anayekusanya viti aanze safu ya mbele, polepole, na vile 2 vya mlangoni avichukue mwisho.