Zahanati ya wadi haina maji: mbishe mlango upi, na lini

Ndugu, umeuliza kama wakazi wa wadi yenu waandamane, wakusanye sahihi mtandaoni au wamfuate mbunge, maana zahanati haina maji. Kabla ya yote hayo, shikeni kalenda ya bajeti ya kaunti.

Mbunge mwacheni. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 limeweka zahanati chini ya kaunti, na fedha za NG-CDF (mfuko wa maendeleo wa eneo bunge) si za kugharimia kazi za kaunti. Ingekuwa shule ya msingi, sawa. Chekechea tena ni ya kaunti. Vikundi vingi huchoka kwa kulilia mlango usio wao.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imepanga tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka (ADP) hufika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1 kupita, taarifa ya mkakati wa fedha (CFSP) Februari 28, makadirio ya bajeti Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Watu hufurika kwenye vikao vya umma vya Mei, ilhali CFSP imeshaweka kikomo cha matumizi ya kila idara. Mradi usiokuwa kwenye ADP utasikilizwa vizuri Mei, kisha basi. Memo yenu, yaani maombi yenu ya maandishi, iingie Julai au Agosti, kabla ADP haijafungwa.

Iwe ukurasa mmoja, shida moja: jina la zahanati, wadi, kinachotakiwa (tuseme tangi la lita 10,000, mabomba na kuunganishwa kwa laini ya maji), pamoja na bei iliyoandikwa na fundi au duka. Ukiorodhesha shida kumi, afisa atajibu kwa jumla na hakuna hata moja itakayotengewa pesa. Pelekeni nakala kwa idara ya afya, kwa karani wa bunge la kaunti na kwa MCA (mwakilishi wa wadi yenu), na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo msiuache, mtauhitaji baadaye.

Ulizeni pia kama pesa za maji zilishatengwa. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaruhusu ombi la Kiswahili, kuliwasilisha hakulipiwi, na ofisi ina siku 21 kujibu. Ikinyamaza, nendeni Tume ya Haki ya Utawala. Jibu likionyesha pesa zilitengwa, dai linabadilika: mnataka kazi ifanywe, bajeti ipo.

Petisheni, yaani ombi rasmi kwa bunge, ndiyo hatua inayofuata. Sahihi za mtandaoni hazitoshi. Bunge la taifa hutaka jina, anwani, nambari ya kitambulisho, sahihi au alama ya kidole, maelezo ya ofisi mlizoziendea na zilivyojibu, kama kuna kesi kortini, na ombi lililo wazi mwishoni. Kwa bunge lenu la kaunti, mwulizeni karani kanuni zake kabla ya kukusanya sahihi hata moja. Hapo kwenye ofisi mlizoziendea ndipo muhuri wa memo unapofanya kazi.

Maandamano yawekeni hadi ahadi iliyoandikwa ivunjwe, muwe na barua ya kuonyesha. Taarifa impate OCS (mkuu wa kituo cha polisi) siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla, ikitaja tarehe, saa na njia mtakayopita.