Zirkoni ya mwamba geu: ilizaliwa humo au ilitangulia?

SWALI: Salaam aleikum, Mhariri. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Malindi. Niliwaeleza wanafunzi kwamba mchanga mzito mweusi unaoletwa na mto Sabaki huwa na fuwele za zirkoni, madini magumu sana, zilizotoka katika miamba geu ya bara, yaani miamba iliyobadilishwa na joto na mgandamizo ardhini. Mmoja akaniuliza: mwamba ulipopatwa na joto la ardhini, zirkoni ilikuwamo tayari au iliota wakati huo? Wataalamu hulijuaje hilo?
Mwalimu, Malindi

JIBU: Waalaikum salaam, Mwalimu. Mara nyingi yote mawili ni kweli kwa punje moja. Zirkoni hustahimili joto, hivyo kiini cha kale husalia na gamba jipya huota juu yake. Umbo la nje halitoshi kuamulia, kwa sababu punje ya mviringo huenda ilisuguliwa na mto wa zamani, au ililika kingo ndani ya mwamba wenyewe. Kwa hiyo punje husagwa hadi katikati, hung'arishwa, kisha hupigwa picha kwa miale ya elektroni. Kiini kilichoganda kutoka kwenye magma (mwamba ulioyeyuka) aghalabu huonyesha michirizi myembamba inayofuata kingo za fuwele. Gamba lililoota mwamba ulipogeuka kwa kawaida halina michirizi hiyo.

Ndipo umri hupimwa. Zirkoni inapoota hupokea urani, elementi inayovunjika polepole, na kuikataa risasi (ile metali), kwa hiyo risasi iliyomo karibu yote imetokana na urani iliyovunjika. Nusu ya urani-238 huisha kwa miaka bilioni 4.47. Kiini na gamba sharti vipimwe kando, maana mwale wa kupimia ukigusa vyote viwili hutoa umri wa katikati usiolingana na tukio lolote.

Wengi hukimbilia uwiano wa thori (elementi nyingine inayovunjika) kwa urani, wakisema kwamba ukiwa chini ya 0.1 basi zirkoni iliota mwamba ulipogeuka. Kwangu hicho ni kidokezo tu, kwani zirkoni zilizoota katika joto kali sana huweza kuuzidi. Naziamini zaidi elementi za kundi la ardhi adimu: garneti, madini yanayoota katika miamba geu, inapoota hunyakua zile nzito za kundi hilo, na zirkoni inayoota sambamba nayo huzipata chache.

Miamba ya Ukanda wa Msumbiji, mkanda wa miamba geu wa Afrika Mashariki ambao Sabaki huupitia, iligeuka zaidi katika kipindi cha takriban miaka milioni 650 hadi 550 iliyopita, kwa hiyo magamba hutarajiwa kuwa na umri huo. Lakini punje ya mchanga imeshaachana na garneti ya mwamba wake, hivyo haiwezi kulinganishwa nayo. Mwanafunzi wako na aanze na kipande cha naisi, mwamba geu wenye mistari, kutoka Tsavo.