Jibu: Bodi ya USB-C nimeiweka volti 12, inatoa 9

Mkuu, bodi yako haijafa. Yenyewe haitengenezi umeme. Inaiomba chaja tu, na chaja inatoa ilicho nacho. Volti za kawaida za PD (Power Delivery, utaratibu wa USB-C ambao kifaa kinaomba volti kwa chaja) ni 5, 9, 15 na 20. Hiyo 12 unayoitaka kwa mkanda wa taa ni ya hiari, na chaja nyingi hazina. Soma yale maandishi madogo mgongoni mwa chaja. Kama 12V haimo, ndiyo maana umeshushiwa 9.

Mimi ningeomba 20, halafu niishushe kwa moduli ya kushusha volti. Lakini kwanza acha taa pembeni, weka mita ya kupimia volti upande wa moduli unaotoa umeme, zungusha kiskrubu chake taratibu mpaka isome 12, ndipo uunganishe. Niliwahi kuruka hatua hiyo nikaunguza mkanda mzima wa mita 5, harufu ikakaa chumbani siku mbili.

Kebo nayo iangalie: ya kawaida inaishia ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20. Na kama bodi yako ni ya kubonyeza kitufe kubadili volti, kigundishe utepe. Kikiguswa kwa bahati mbaya, volti zinabadilika papo hapo.