Binti yangu, kuhusu jando la mjukuu wangu

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Umeuliza kama Juni, shule zikifungwa, umlete mwanao huku Newala aingie jandoni na wenzake, au umpeleke hospitali hukohuko Dar es Salaam yaishe. Unaogopa wembe, na unaogopa zaidi asije akakua bila kufundwa, maana baba yake hayupo.

La wembe ni jepesi: hospitali. Kuna ganzi, vifaa ni safi, kidonda kinaangaliwa. Akilia mwache alie, ana miaka 10. Mila haivunjiki kwa hilo. Masasi, enzi za Mwingereza, Askofu Vincent Lucas aliliingiza jando kanisani, na watu wakaendelea kuwafunda vijana wao.

La kufundwa ndilo zito. Mtoto anatoka kumbini, kwenye kambi ya jando, na nguo mpya, anaimbiwa, anatunzwa hela, anaambiwa ameshakuwa mkubwa. Wapo wanaorudi nyumbani na kuanza kuwatuma mama zao maji ya kuoga. Wapo wanaoamini kwamba aliyetoka jandoni sharti atafute msichana. Hayo siyataki kwa mjukuu wangu, hata kama mafundisho mengine ya kumbini, kama kuheshimu wakubwa na kuvumilia shida, nayapenda mno.

Sisi Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana kauli. Kaka yako yupo. Basi mlete kwake kila likizo, miaka na miaka, siyo Juni hii tu. Desemba atakuta korosho za mwisho. Wataamka alfajiri waokote, wazitenge na mabibo, waanike, wachambue. Kila mtoto hujaribu kuficha korosho mbovu chini ya gunia ili kilo ziongezeke. Mjomba wake atalimwaga gunia lote mkekani, waketi wachambue upya mpaka jioni, bila kofi wala tusi. Namjua kaka yako, ndivyo alivyo.

Hela ya mnada ikiingia, mtoto aone inavyogawanywa: mjomba na mkewe wameketi pamoja, kwanza daftari na sare, kisha mahindi, kisha palizi ya mwakani. Huku kila msimu kuna vijana wanaomaliza hela yote kilabuni ndani ya wiki, na hakuna aliyewahi kuwaonyesha vingine. Usiku wapike kwa zamu. Afue nguo zake mwenyewe.

Mambo ya mwili pia mjomba atamwambia mapema, kabla sauti haijavunjika: kwamba ndoto nyevu siyo ugonjwa, na kwamba msichana akisema hapana, ni hapana. Na kwamba tohara siyo kinga kamili. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2007 kwa sababu inapunguza kwa takriban asilimia 60 hatari ya mwanaume kuambukizwa VVU na mwanamke. Hatari inayobaki ni kubwa, na vijana wengi hawaambiwi hivyo.

Wewe huko muulize mambo yake kila jioni, hata akijibu kwa mkato. Asizoee kunyamaza na jambo linalomuumiza.

Nimeshaongea na kaka yako, anasubiri umpigie. Hospitali mpeleke mwanzoni mwa likizo, apone kabisa ndipo apande basi. Nauli yake nitatuma mimi.

Baba yako,
Newala